Nishikie: Mizani na Mkono wa Pili katika Wimbo wa John Henry

Wahenga walinena kwamba mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Methali hii husemwa kila panapohimizwa ushirikiano, na aghalabu husemwa kwa haraka, kana kwamba maana yake inakwisha pale tunapokubali kuwa kazi nzito yataka watu wawili. Lakini tukiikazia macho tutaona kuwa mikono hiyo miwili haiko katika hali moja. Mmoja umeshika kisu, mwingine umeshika mnyama. Mwenye kisu anajua kisu kitapita wapi na kitapita lini. Mwenye kushika anangoja. Ng'ombe akifurukuta, wa kwanza kukatwa huenda asiwe ng'ombe. Methali imeihesabu mikono, haikuipima hatari yake.

Makala haya yanakusudia kuutazama mkono huo wa pili ndani ya utungo mmoja mashuhuri wa Marekani, wimbo wa John Henry, ambao nimekaa nao kwa muda nikitafuta njia ya kuuingiza katika Kiswahili. Wahakiki wengi wameuchukulia kuwa ni kisa cha mtu na mashine, au kisa cha Mmarekani Mweusi na nguvu zake. Hawakukosea, maana yote hayo yamo. Ninachodai mimi ni kwamba uzito wa wimbo huu umo pia katika mkono ulioshika chuma kinachopigwa. Na kwamba mizani yake ilikuwa kinga ya mkono huo kabla haijawa pambo la sikio. Kwa sisi wapenzi wa ushairi, ambao tumebishana kwa miongo mingi juu ya vina na mizani, dai hili si dogo, na lafaa lithibitishwe kwa hatua.

Kwa msomaji asiyekijua kisa, muhtasari wake ni huu. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyokwisha mwaka 1865, makampuni ya reli yalikuwa yakitoboa milima ili kupitisha njia zao. Kampuni ya Chesapeake and Ohio ilitoboa handaki la Big Bend, huko West Virginia, kati ya mwaka 1870 na 1872. Urefu wake ulizidi maili moja, na wengi wa waliolichimba walikuwa Weusi ambao miaka michache nyuma walikuwa bado watumwa. John Henry, kwa mujibu wa wimbo, alikuwa bingwa wa nyundo. Mashine ya mvuke ya kutobolea miamba ikaletwa. Yeye akaapa kushindana nayo. Akashindana, akashinda, akaanguka na kufa nyundo ikiwa mkononi. Guy B. Johnson alikusanya ushahidi na matini nyingi za wimbo huu katika kitabu alichokitoa mwaka 1929, na Louis Chappell akafuata na chake mwaka 1933. Mwaka 2006 mwanahistoria Scott Reynolds Nelson alileta hoja tofauti: kwamba tukio lilikuwa kwenye handaki la Lewis, huko Virginia, na kwamba shujaa alikuwa mfungwa aliyekodishwa kwa kampuni ya reli. Wako pia wanaolipeleka tukio hilo Alabama. Mzozo wa mahali hautuhusu sana hapa, kwa kuwa kote huko kazi ilikuwa moja na ilifanywa kwa namna moja.

Namna hiyo ndiyo ninayoomba tuitulizie macho. Mwamba haukuvunjwa kwa nyundo. Nyundo ilikuwa ya kutobolea matundu membamba yenye kina. Matundu yakajazwa baruti, na baruti ndiyo iliyouvunja mwamba. Kutoboa tundu kulihitaji watu wawili. Wa kwanza, mpigaji, alikuwa na nyundo ya ratili tisa au kumi yenye mpini mrefu. Wa pili alishika kwa mikono yake fimbo ya feleji, tindo ndefu yenye makali nchani, akaisimamisha mwambani. Mpigaji alipokuwa akipiga, mshikaji hakustarehe. Baina ya pigo na pigo aliizungusha tindo kidogo ili makali yaangukie mahali papya, kisha akaitikisa ili unga wa mawe usiikabe tunduni. Kwa kazi hiyo ya kutikisa ndipo alipopata jina lake kwa Kiingereza, jina lenye maana ya mtikisaji. Makali yakifa, aliichomoa tindo na kutia nyingine, naye mpigaji hakupenda mwendo wake ukatishwe.

Hatari ya kwanza ya kazi hii ni ile iliyo wazi. Kichwa cha tindo si kipana kuliko sarafu kubwa, na nyundo inashuka kutoka juu ya bega la mtu aliyechoka, katika giza linalopunguzwa na mshumaa au taa ya mafuta. Ikienda kombo kidogo, inavunja vidole. Ikienda kombo zaidi, inavunja mkono au kichwa. Hatari ya pili haionekani upesi. Kichwa cha tindo kikipigwa kwa siku nyingi huchanua kama uyoga, kingo zake zikapasuka, na vipande vya chuma vikaruka kwa kasi kumwelekea aliye karibu. Na aliye karibu zaidi si mpigaji. Hatari ya tatu haionekani kabisa. Ni ule unga wa mwamba ambao mshikaji anautikisa utoke, naye uso wake uko juu ya tundu. Unga wa mawe yenye silika hukaa mapafuni ukayafanya yawe magumu, na mtu akafa baada ya miaka, mbali na nyundo yoyote.

Juu ya hatari hizi tatu iko ya nne, nayo ndiyo inayomfanya mshikaji awe mtu wa kishairi: hawezi kujikinga. Fundi anayejigonga kidole mwenyewe ana jicho na mkono katika mwili mmoja. Jicho likiona kosa, mkono hukimbia. Mshikaji hana ruhusa hiyo. Akiogopa na kuvuta mkono, tindo huinama. Tindo ikiinama, nyundo huteleza. Nyundo ikiteleza, ndipo anapoumia. Woga wake ndio unaomletea anachokiogopa. Usalama wake wote umo katika kutulia, yaani katika kutenda kinyume cha kile ambacho mwili wake unamwamuru.

Wimbo unayajua haya. Katika matini nyingi mna ubeti ambamo John Henry anazungumza na mshikaji wake. Anamtaka atangulize dua, kwa sababu kosa moja la nyundo lina kaburi ndani yake. Ubeti huu husomwa kama majigambo, na wapo wanaosikia ndani yake kejeli ya mtu anayejua kuwa hakosei. Mimi nasikia kingine. Majigambo ya shujaa, kama tunavyoyajua kwa Fumo Liyongo, huelekezwa kwa adui, na yaliyomo ni nguvu. Hapa maneno yanaelekezwa kwa mwenza, na yaliyomo ni uwezekano wa kukosea. Bingwa anakiri kwamba nyundo yake si kamilifu, na anakiri mbele ya mtu yule yule ambaye kosa litamwangukia.

Tukiuweka ubeti huo kando ya ule mwingine mashuhuri, ambamo John Henry anamwambia msimamizi kuwa yuko radhi kufa kuliko kushindwa na mashine, maana yake inazidi kukua. Kwa msimamizi, shujaa anaweka rehani uhai wake mwenyewe. Kwa mshikaji, anakumbusha kuwa upo uhai wa pili uliowekwa rehani pamoja na wake, bila ya mwenyewe kuulizwa. Hakuna matini niliyoisoma ambamo mshikaji anaulizwa kama anataka kushindana na mashine ya mvuke. Dau lilikuwa la mtu mmoja, mikono iliyotiwa dauni ilikuwa minne. Na shindano linapokwisha, shujaa huzikwa, treni hupita na kupiga honi, mkewe hulia. Katika matini kadhaa mkewe, aitwaye Polly Ann, huipokea nyundo na kuipiga kwa ustadi. Hata mjane amepewa nyundo. Aliyekuwa amepiga magoti kando ya tundu siku nzima hatuambiwi alifanya nini na mikono yake.

Je, wimbo umemsahau? Hapa hapana budi kutofautisha tungo mbili zenye jina moja. Upo wimbo-hadithi, unaosimulia kisa tangu utoto wa shujaa hadi maziko yake. Huo uliimbwa barazani na baadaye ukaingia kwenye santuri. Na upo wimbo wa nyundo, ambao hausimulii mengi. Hurudia mistari michache, mara nyingi ya mtu aliyechoka anayetaka kuitua nyundo na kwenda zake. Mississippi John Hurt alirekodi mmoja wa jamii hiyo mwaka 1928, uitwao "Spike Driver Blues", na msemaji wake ni mtu anayeikataa nyundo iliyomuua John Henry. Aina hii ya pili ndiyo iliyokuwa chombo cha kazi. Mstari huimbwa, sauti hukatika, nyundo hushuka katika mkatiko huo, pumzi ya mpigaji hutoka kwa mguno. Kisha unaingia mstari mwingine. Alan Lomax, aliporekodi nyimbo za wafungwa katika gereza la Parchman, Mississippi, mwaka 1947 na 1948, alinasa nyimbo za mashoka na majembe ambamo chuma chenyewe kinasikika katika nafasi zilizoachwa na sauti.

Jambo ambalo msomaji wa kitabuni hulikosa ni hili: katika kazi ya tindo, nafasi ile mwishoni mwa mstari si tupu. Ndiyo saa ya mshikaji. Kwa wimbo anajua pigo linashuka lini. Kwa wimbo anajua ana muda gani wa kuzungusha na kutikisa kabla ya pigo jingine. Mpigaji akiimba sawasawa, mshikaji anaweza kufumba macho kuyakinga na vumbi, na bado akajua nyundo ilipo. Mpigaji akiharakisha nusu ya pigo, mkono wa mwenziwe unakutwa njiani. Mizani hapa ni ahadi. Ni amana ambayo mwenye nguvu ameiweka kwa asiyekuwa na kinga: nitashuka hapa, sitashuka kabla ya hapa. Kwa hiyo wimbo-hadithi ulimpoteza mshikaji mwishoni mwa kisa, lakini wimbo wa nyundo haukumsahau hata kwa pigo moja, kwa kuwa ulitungwa kwa kipimo cha mikono yake.

Sisi nasi tunayo mfano wa hayo. Aliyewatazama wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja anajua kuwa michi haigongani kwa sababu ya hesabu ambayo haikuandikwa popote. Wapasua mbao, mmoja juu ya jukwaa na mwingine chini yake, huvutana msumeno mmoja kwa mwendo mmoja. Wa juu huufuata mstari, wa chini hupokea unga wa mbao machoni. Tofauti iliyopo ni kuwa hao wote wawili wana zamu ya kuvuta au kupiga. Mshika tindo hana pigo lake. Anaishi ndani ya pigo la mwenziwe.

Tuyalete haya sasa katika uwanja wetu. K. Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, aliipa mizani nafasi ya sheria, na jina la kitabu chenyewe latosha kuonyesha hivyo. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, alionyesha kwa vitendo ushairi usiofungwa na sheria hiyo. Tangu hapo tumezoea kuuliza swali moja: mizani ni sheria au ni pingu? Upande mmoja umesema asiyeifuata si mshairi. Upande wa pili umesema anayeifuata kwa upofu ni karani wa silabi. Pande zote mbili zimemtazama mtunzi peke yake, mmoja ukiangalia wajibu wake na mwingine ukiangalia uhuru wake. Wimbo wa nyundo unamleta barazani mtu mwingine, na unauliza swali ambalo hatukuliuliza vya kutosha: mizani hii ni kwa ajili ya nani? Nani ameuweka mkono wake chini yake?

Shairi letu la asili halikutungwa ili lisomwe kimyakimya. Lilikuwa na mghani, lilikuwa na waitikiaji, na kulikuwa na malenga wa upande wa pili ambaye angelipokea na kulijibu kwa bahari ile ile. Watu hao wote waliweka mikono yao chini ya mizani ya mtunzi. Mstari ukizidi kwa silabi mbili, aliyekwama mbele ya hadhira alikuwa mghani, si mtunzi aliyebaki nyumbani. Kwa mtazamo huu, mtunzi wa mapokeo anayejaza silabi kwa maneno yasiyo na kazi, ilimradi nane zitimie, naye amevunja ahadi, kwa sababu mghani anapewa mzigo mtupu aushike kama kwamba una kitu. Na mtunzi wa mamboleo anayeuanza ubeti kwa mapigo fulani, kisha akayaacha katikati bila ya sababu inayosikika, amevuta nyundo nje ya njia yake. Wala sisemi kila shairi liwe na mizani kumi na sita. Shairi huru lililo zuri lina mapigo yake, na aliyelisoma kwa sauti anayajua. Nasema kwamba ubeti wa kwanza, wa namna yoyote, ni ahadi kwa anayelipokea shairi, na mhakiki ana haki ya kuuliza kama ahadi hiyo imetimizwa.

Kwa mfasiri, jambo hili linakuwa la kifundi hasa. Kiingereza cha wimbo huu kina maneno mengi ya silabi moja, na mistari yake aghalabu huishia kwenye silabi yenye mkazo. Sauti inapiga, na nyundo inapiga. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mstari wetu huinuka, kisha ukatua. Tuchukue mfano wa kubuni tu: "Shika tindo nipigapo." Mizani nane zimetimia, wala hakuna mwalimu atakayeukataa mstari huo. Lakini mkazo uko kwenye "ga", na "po" inabaki nyuma. Nyundo ikishuka pamoja na mkazo, imeshuka kabla ya mstari kwisha, yaani kabla mshikaji hajamaliza kusikia anachoambiwa. Kuhesabu mizani, basi, hakutoshi. Ni lazima ibaki pumzi moja baada ya "po", na nyundo iangukie humo.

Pumzi hiyo haina herufi, wala mpiga chapa hana alama yake. Mfasiri huipata kwa njia za pembeni: kwa kumaliza wazo pamoja na mstari badala ya kulimwaga katika mstari unaofuata, kwa kuuanza mstari wa pili kwa neno linalotaka pumzi mpya, kwa kuacha vokali ya mwisho iwe ile inayovutika, kama a au o. Hapa ghani ya tenzi zetu inatufaa kuliko kanuni za vitabuni, kwa kuwa mghani mzuri huivuta silabi ya mwisho na kuutuliza mstari kabla ya kuuachia. Tafsiri itakayosimulia kisa chote cha John Henry kwa maneno laini yasiyo na mkatiko itakuwa imempoteza mshikaji, hata ikimtaja katika kila ubeti.

Limebaki suala la jina lake. "Msaidizi" ni neno la ofisini. Linataja cheo, halitaji kazi. "Mtikisaji" ndiyo tafsiri ya kamusi, lakini masikioni mwetu mtikisaji ni mtu anayeyumbisha mambo, ilhali fadhila kubwa ya mtu huyu ni kutoyumba. "Mshika tindo" ni jina sahihi na halina doa. Hata hivyo lugha ilikuwa imetutangulia. Vijana wa miji ya Tanzania humwita rafiki "mshikaji", na wapo walimu wa lugha waliolidharau neno hilo kuwa ni la vijiweni. Mimi naliona kuwa ni neno lenye nasaba. Katika mzizi huo huo mna mshikamano. Mna shikamoo, salamu ambayo asili yake ni kushika miguu ya mkubwa. Na mna kauli moja ndogo ambayo kila fundi huitamka kila siku: nishikie.

Irabu moja iliyotiwa katikati ya kitenzi hicho inabeba uhusiano mzima. Anayeambiwa "shika" anashika kwa ajili ya kazi. Anayeambiwa "nishikie" anashika kwa ajili ya mtu. Ni ombi dogo, na ndiyo maana ni la hatari. Huombwa jirani anayepita, au mtoto wa fundi aliyeleta chai: nishikie ubao huu, nishikie msumari, nishikie ngazi. Aliyeitwa kwa dakika moja hakuja na miwani ya kukinga macho, hajui chombo kitatokea wapi, na anaona haya kuuliza. Ameazima mwili wake kwa ustadi wa mwingine. Katika wimbo wa John Henry ombi hilo dogo limevutwa likawa ajira ya kutwa, na katika hali ya wafungwa likawa amri isiyokatalika.

Wala isidhaniwe kuwa kushika ni kazi ya chini kwa asili yake. Katika kiwanda cha mhunzi mambo ni kinyume. Mhunzi mwenyewe ndiye anayekishika chuma chenye moto kwa koleo, akakigeuza juu ya fuawe, na kwa nyundo ndogo akaonyesha mahali. Mwanafunzi mwenye nyundo kubwa hupiga pale alipoonyeshwa. Tunasema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na methali hiyo inatupangia ngazi za kiwanda, lakini haimweki mshika koleo chini ya mpiga nyundo. Handakini mshikaji alionekana mdogo kwa sababu waliolipa mishahara walihesabu futi za matundu, na futi hizo zilionekana kana kwamba zinatoka kwenye nyundo tu.

Kulikuwa pia na utaratibu wa tatu, ambao mimi nauona kuwa wa haki zaidi. Katika miji ya migodi ya magharibi ya Marekani, kama vile Butte na Leadville, wachimbaji walifanya mashindano ya kutoboa mwamba siku za sikukuu. Watu wawili walipewa dakika 15, nyundo za ratili nane na rundo la tindo, na walibadilishana nafasi mara kwa mara pasipo pigo kukatika: mpigaji akawa mshikaji, mshikaji akanyanyuka na nyundo. Kila mmoja alipiga akijua kuwa punde mkono utakaokuwa chini ni wake. Sisi tunayo adabu ya namna hiyo katika malumbano. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu waliporushiana mashairi ya siasa mwanzoni mwa karne ya 19, kila mmoja alijua kuwa bahari aliyoichagua na vina alivyovikaza vitamrudia. Anayejua kuwa zamu inakuja hupiga kwa nguvu, lakini hapigi ovyo. John Henry na mshikaji wake, kwa kadiri wimbo unavyotuambia, hawakuwa na zamu.

Ukumbusho wa umma umezidisha upweke wa shujaa. Sanamu ya John Henry iliyosimamishwa mwaka 1972 huko Talcott, karibu na handaki la Big Bend, ni ya mtu mmoja mwenye kifua kipana na nyundo mkononi. Tindo ya kupigwa haina wa kuishika. Hali yenyewe, kwa utafiti wa Nelson, huenda ilikuwa nyingine kabisa: mfungwa aliyemkuta katika daftari la gereza la Virginia, John William Henry, kijana kutoka New Jersey, alikuwa na urefu wa futi tano na inchi moja na kitu. Nelson anaamini ndiye, na kwamba kilichomuua hakikuwa kupasuka moyo siku ya shindano, bali vumbi la mwamba. Wengine hawakubaliani naye. Lakini hoja yake ina faida kwa mhakiki hata asipoikubali, kwani inamshusha shujaa hadi alipo mshikaji, mbele ya tundu lile lile, wakivuta hewa ile ile.

Mashine iliposhinda hatimaye, haikumwondoa msaidizi. Ilimwondolea wimbo tu. Katika jimbo hilo hilo la West Virginia, kati ya mwaka 1930 na 1931, handaki la Hawks Nest lilichimbwa kwa mashine za upepo katika mwamba wenye silika nyingi, na mamia ya wafanyakazi, wengi wao Weusi, walikufa kwa ugonjwa wa mapafu. Kamati ndogo ya bunge la Marekani ilisikiliza ushahidi mwaka 1936. Mshairi Muriel Rukeyser aliutumia ushahidi huo katika mfululizo wake uitwao "The Book of the Dead", uliotoka mwaka 1938. Hakutunga shujaa. Alizipanga sauti za mashahidi, za mama, daktari, wachimbaji, na akaziachia zizungumze. Nalitaja shairi hilo kwa sababu linaonyesha njia ya pili ya kumtunza mshikaji katika ushairi. Wimbo wa nyundo ulimtunza kwa mapigo. Rukeyser, ambaye hakuwa na mapigo ya pamoja ya kuyategemea, aliwatunza waliokuwa karibu na chuma kwa kuwaita kwa majina na kuwapa nafasi ya kusema.

Mtu atasema kuwa namtwisha mzigo mkubwa mhusika wa ubeti mmoja, na kwamba utendi hauwezi kusimama pasipo shujaa mmoja. Hoja hiyo ina uzito. Sitaki mshikaji avikwe taji la John Henry. Tungekuwa tumebadilisha sanamu tu. Ninachotaka ni kwamba tunapolisifu pigo tukumbuke kuwa lilikuwa na mahali pa kutua, na mahali hapo palishikwa na mtu. Sifa ya nyundo isiyotaja mkono wa pili ni nusu ya habari, na ushairi una uwezo wa kutoa habari kamili bila ya kuongeza hata ubeti mmoja, kwa namna unavyoyapanga mapigo yake.

Katika tafsiri ninayoiandaa, mtu huyu anaitwa mshikaji, ubeti wa dua umewekwa bila kupunguzwa kitu, na mistari yake ina pumzi mwishoni. Wasomaji watakaoipata naomba waisome wawili wawili. Mmoja aghani na kupiga meza kwa kibao kila mstari unapokwisha; mwenziwe aweke kiganja juu ya meza pale kibao kinapotua, akiondoe na kukirudisha kwa kufuata sauti tu. Aliyeweka kiganja ndiye atakayeniambia kama mizani imetimia.